Ng'ombe Aliyerudishwa

Kadutu, Bukavu
Tarehe 14 Novemba 1976

Mpendwa mdogo wangu Constantin,

Pokea salamu za huku kwetu kwenye baridi. U mzima? Na mkeo Colombe na watoto, joto la Kinshasa linawaacha mlale? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Juu ya bahasha nimeandika lile jina jipya la kienyeji ambalo serikali inalitaka, lakini humu ndani wewe ni Constantin niliyekubeba mgongoni.

Barua yako ilifika. Unafurahi kwamba wizarani kwenu mmepiga hesabu, mkaona mkoa wetu umetoa mbao na makaa kuliko miaka yote. Nilicheka vibaya. Mbao hizo nazijua. Ni miti ya kilima chetu, ile iliyofunika kijito alichokuwa anachota marehemu Mama.

Unamkumbuka Patron Philémon, aliyepewa shamba la chai serikali ilipomnyang'anya Mbelgiji. Mwaka juzi alimletea Papa ng'ombe na mitungi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Papa akafurahi sana: mkubwa mzima anakuja kuomba mahali pa kupanda chai kama desturi inavyotaka, na kwetu anayepokea ng'ombe wa kalinzi, wa kuombea ardhi, ndiye anayebaki bwana wa ardhi. Akampokea kwa mikono miwili, akatia kidole kwenye karatasi. Kumbe kwa Patron yule ng'ombe alikuwa bei. Kilima kimeuzwa, na aliyekiuza anajiona bado mwenyeji.

Miti ikaanguka yote. Chai haikupandwa, maana chai inataka kungojewa na mbao zinalipa leo. Mvua zilipokuja, udongo ulishuka mpaka ziwani pamoja na nusu ya migomba yetu. Kijito kikawa tope, kisha kikakauka. Sasa shangazi Agnès anachota bondeni, pale ng'ombe wanapokanyaga. Kitindamimba wa kaka yetu Modeste alikufa kwa kuhara mwezi wa tisa. Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na nguvu.

Papa akasema dawa ipo: ukirudisha ng'ombe, mapatano yamekwisha. Alikuwa hajamchinja, alimtunza kama binti wa nyumba. Jumapili iliyopita alivaa koti lake la misa, akashika kamba, nami nikamfuata. Mbele ya watu akamkabidhi Patron, akaeleza desturi polepole, hakuruka neno. Patron akamshika mkono.

“Aksanti sana, muzee. Ngombe iko nono hii. Bageni ya Kinshasa banakuya kesho, tutabachinjia.”

Papa alisikia aksanti tu. Njiani aliniambia, “Amepokea, binti yangu. Mulima iko yetu tena.” Siku iliyofuata alipanda kilimani na jembe na miche, walinzi wakamfukuza kama mwizi. Aliporudi hakula. Mpaka leo anakaa mlangoni na ile kamba.

Nina hasira, Constantin, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Mbelgiji alikula kilima bila kutusalimu. Huyu wa leo anatusalimu vizuri, halafu anakula kile kile. Na ninyi wasomi wetu mnaandika kwamba tumeendelea. Mti ukisimama hauna hesabu kwenu, ukianguka ndiyo mnauita mali. Kijito mmekiandika wapi? Na yule mtoto?

Nisalimie Colombe, umbusu Marie-Louise na wadogo zake. Modeste anakusalimu, na shangazi Agnès pia, mgongo unamsumbua kwa mitungi. Mungu awalinde, na maji yasiwakaukie huko mliko.

Papa naye ana ujumbe. Walinzi walimwambia kwamba wageni waliochinjiwa yule ng'ombe ni watu wa wizara yako, waliokuja kumpongeza Patron kwa zile mbao. Anasema uwaulize kama nyama ilikuwa laini.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Domitille