Mpishi Alionja Mchuzi

Mama yangu, shikamoo kutoka Garsen. Joto la huku, nguo zinakauka hujamaliza kuzianika.

Leo nilikuwa kijijini Wenje kwa ile kazi yangu ya kuuliza watu walikula nini jana, tulinganishe na mwongozo wa taifa wa lishe, ijulikane nani anakosa nini. Mama mmoja wa huko, Mama Jilo, alinijibu huku akikata kambale wa mtoni. Watoto walikula ugali, mchicha, samaki, halafu maembe. Baba yao vilevile, na kichwa cha samaki juu. Nikafurahi, kila kundi la chakula limo.

“Na wewe mwenyewe, mama?”

Akacheka. “Mimi? Mpishi halali njaa, mwanangu. Nilionja mchuzi.”

Maneno yako hayohayo, Mama! Nikakusikia jikoni kwetu, sisi tumeshashiba, wewe unakwangua ukoko wa ugali sufuriani. Miaka yote ile nilidhani unaupenda.

Nikija nitapika mimi. Wewe utakaa mkekani, na sahani ya kwanza kupakuliwa itakuwa yako.

Mwanao, Rehema