Siku Niliyojiita Mama wa Eriku

Molo, Tororo
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Acom,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani huko Muscat? Kile kiuno kimepoa? Sisi tu wazima. Mvua imekuja na muhogo umeshika vizuri. Marion ameng'oka jino jingine. Eriku sasa anajifunga vifungo vya shati mwenyewe, ingawa kimoja hubaki bila tundu.

Mama yako nilimwona juzi huko Bulumbi. Mguu unamuuma, lakini bado anakwenda shambani, hasikii la mtu.

Barua hii ataileta Justine, binti wa Mwalimu Ochen, anayekuja huko kazini. Ningeweza kukupigia simu, ila nikisikia sauti yako nitaanza tena kuficha.

Mwisho wa Agosti kanisa lilipeleka watoto Kisumu kuona samaki. Tulivuka mpaka wa Kenya pale Busia asubuhi, na kabla ya saa sita tulikuwa tumefika. Ni nyumba yenye matangi makubwa ya vioo, samaki wanaogelea mbele ya uso wako. Marion alisoma kila kibandiko kwa sauti. Eriku alimtazama sato mmoja kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na ugali wake uko wapi?" Watu walicheka sana.

Halafu tukafika kwa kamongo. Yule samaki alipanda juu kuvuta hewa, akaachama kinywa, na Eriku akatoka mbio. Nilimtafuta katikati ya watoto wa shule waliokuwapo, nikimwita kwa jina. Nikamkuta mlangoni, amebebwa na askari. Aliponiona akanyoosha mikono, akalia, "Mama!"

Askari alikuwa mtu mwema, hakutaka kumtoa mtoto ovyo. Akaniuliza, "Mama, huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Kweli mmefanana. Ndiye kitinda mimba?"

Acom, ningeweza kumwambia mimi ni shangazi yake. Ni neno moja tu. Badala yake nikasema, "Ndiyo, kitinda mimba wangu. Nilimzaa kwa shida sana."

Hakuna aliyeniuliza habari za shida.

Marion alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote. Tulipotoka nje akasema, "Shangazi, kwa nini umemwondoa mama?" Akamgeukia mdogo wake. "Eriku, mama yako ni nani?" Eriku akaninyooshea kidole mimi. "Na Acom ni nani?"

"Ni mtu wa simu," Eriku akasema.

Marion alilia pale pale kwenye nyasi, watu wakitazama. Chapati yake hakuigusa. Safari yote ya kurudi alikaa na watoto wengine.

Wifi, jambo hili halikuanza Kisumu. Unakumbuka ulivyokuwa unapiga simu nakwambia Eriku amelala? Mara nyingi hakuwa amelala. Alikuwa uani anacheza. Mwanzoni nilifanya hivyo kwa sababu mkimaliza kuongea alilia mpaka akatapika. Alikuwa mdogo sana ulipomwacha, na kaka yangu alikuwa hana hata mwaka kaburini. Lakini kilio kilipokoma, mimi niliendelea tu. Unajua miaka niliyongoja mtoto nisimpate. Hiyo si ruhusa. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Na lile la mkataba pia. Ulipouliza kama uongeze miaka miwili, nikakujibu uongeze, watoto wako sawa, sikuwa nafikiria watoto. Nayarudisha maneno yale. Machi ikifika, mkataba ukiisha, rudi.

Nilimwomba Marion msamaha jioni ile ile. Alichosema ni, "Nipe simu." Tangu hapo yeye ndiye anayepokea. Jumapili iliyopita ulimwona Eriku amekaa mbele ya simu hasemi kitu, ukadhani anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anakutazama. Ulipokata akamuuliza dada yake, "Anakuja lini?" Sasa anauliza kila siku, nami kila siku naona haya kumjibu.

Ukirudi ukamkuta amejificha nyuma ya gauni langu, usimkasirikie. Mimi ndiye niliyemzoesha. Nitamsukuma mbele kwa mikono yangu mwenyewe, hata akilia, hata nikilia mimi.

Mwalimu Ochen na mkewe wanakusalimu sana. Mama yako anasema ule vizuri na usinyanyue vizito. Marion ameandika barua yake. Sikuisoma, nimeifunga humu humu.

Mungu aliyekupeleka akutunze, akurudishe na nguvu zako zote, ukute mlango wako wazi.

Nakupenda, na nakuomba unisamehe.

Mimi wifi yako,
shangazi wa watoto wako,
Alungat