Chapati za Shangazi Zahamia Uwanjani

Kukhu mpendwa,

Mjukuu wako anakusalimu kutoka Malaba. Malori ya kwenda Uganda yamejaa barabarani, kwa hiyo wauza vyakula wamehamishiwa uwanjani wasije wakagongwa. Jana, siku ya kwanza, shangazi alihofia kukosa wateja. "Ita watu!" akaniambia. Niliona haya, nikaandika kwa makaa kwenye boksi: CHAPATI MOTO HUKU. Madereva wakaja mbio. Mara foleni ya barabarani ikasonga, lakini malori saba hayakuwa na mtu. Askari akaja akifoka, "Mama, nirudishie madereva wangu!"

"Boss, wacha wamalize chai," shangazi akamjibu.

Askari aliondoka nao wote, naye pia chapati mkononi. Leo shangazi amekanda unga mara mbili ya jana.

Mvua njema ikufikie shambani, Kukhu.

Nafula