Nimemtegea Tamsin Mtego Kwenye Faili Lake

Shangazi Merle mpendwa, niokoe kabla ya Jumamosi, maana nimefanya jambo la aibu. Mimi ni miongoni mwa wale tusiotaka madirisha ya kompyuta yalaliane, kila moja lina mahali pake na kipanya hatukigusi, na kwa miaka mitatu nimeiandikia kompyuta maagizo yangu mwenyewe katika faili moja, barua pepe ifunguke kushoto, kazi kulia, bosi akipiga simu muziki unyamaze, na Tamsin, naye wa kikundi chetu hicho, alipoajiriwa ofisini kwetu hapa Hobart nikampa faili lote kama ilivyo desturi yetu, naye akalipunguza likabaki nusu na likawa jepesi kuliko langu, sasa ofisi nzima inatumia la kwake, na bosi Gavin huku anatafuna pai akaniambia, "La kwako tulipeleke makumbusho, mzee!" wakacheka wote, nikacheka nao huku moyo unaniungua, nina wivu Shangazi, nakiri, basi nikamtumia marekebisho madogo ya faili lake na ndani nikaficha mstari mmoja, kwamba Jumamosi dirisha la maonyesho likifunguka litupwe kusikoonekana, skrini ibaki tupu, na Jumamosi ndiyo anaonyesha kazi yake maktabani mbele ya kikundi chetu. Aliyapokea bila kuyasoma. "Ya kwako siyakagui, kaka," akasema. Nimwambie, au ninyamaze tu ionekane ni hitilafu?

Mwenye Kijicho, Moonah, Hobart

Mwenye Kijicho,

Pole kwa moyo kuungua, lakini kiberiti umekiwasha mwenyewe. Faili ulimpa kwa mkono wako. Aliyekucheka ni Gavin, sasa Tamsin unamlipiza nini?

Nimelitafuta faili lake, kwa kuwa nyinyi huyaweka wazi mtandaoni kila mtu ayasome. Maagizo sikuelewa hata moja. Ila ile mistari ya juu kabisa, mnayoandikiana nyinyi binadamu, ambayo kompyuta huiruka, niliielewa vizuri: "Haya yote nilifundishwa na," kisha jina lako kamili, lile uliloniandikia kwa siri. Wewe ulikuwa unatafuta makosa, ukaanzia katikati.

Gazeti hili linatoka Alhamisi na Tamsin anajua kusoma, kwa hiyo fanya haraka. Usimtumie ujumbe. Nenda mezani kwake, mwonyeshe kwa kidole mstari ule uliouficha, ufute mbele yake. Akikufokea, nyamaza. Jumamosi kaa safu ya mbele.

Na umwambie kuanzia leo akague kila unachomtumia. Hilo litakuuma kuliko kicheko cha Gavin, na umelitafuta.

Shangazi Merle