Michungwa Katika Shamba la Kaka

Mkata, Handeni

Kaka Muhidini,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbagala, pamoja na wifi na watoto. Sisi hatujambo, ila kiuno changu kimekataa kazi na mvua za mwaka huu zinakuja kwa kusuasua. Simu ninayo, lakini haya nikiyasema kwa simu nitalia, nawe utakata. Kwa hiyo nimeandika.

Unakumbuka mlivyoondoka, wewe na vijana wenzako, mkatuacha wanawake na wazee. Kibarua wa kupalilia akawa adimu kuliko nyama, na akipatikana anataja ujira anaoutaka yeye. Misimu miwili shamba lako liliota msitu, maana nguvu zangu ziliishia kwenye langu.

Ndipo wakaja watu wa Kigoma. Mmoja wao, Enock, nilimpa shamba lako alime tugawane mavuno, na nilipokuarifu ulisema sawa. Nakiri nilimcheka. Alikuwa akiinua matuta makubwa ya muhogo kama anazika watu, na sisi tangu babu tunachomeka kijiti kwenye ardhi tambarare. Alileta pia mbegu isiyoshikwa na batobato, ule ugonjwa wa kukunja majani ya muhogo. Alipovuna nikaacha kucheka. Leo majirani wote wanainua matuta, na kila mmoja anadai alijua tangu zamani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ni kweli. Lakini wageni walivyozidi, ujira ukashuka. Mimi nilifurahi, maana mimi ndiye mlipaji. Mwanangu Sabiri hakufurahi, maana alikuwa akiishi kwa vibarua. Aliniambia hawezi kushindana na mtu anayekubali nusu, akapanda basi kwenda Morogoro kukata miwa. Juzi kanipigia, anasema wenyeji wa huko wanawanung'unikia wao wageni kwamba wameshusha ujira. Nimechoka, kaka. Sijui hata nimlaumu nani.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Kabla ya masika Enock alikuja kuniaga. Alikuwa amepata shamba Mashewa, kule Korogwe, ambako angeruhusiwa kupanda miti. Unajua kwetu mgeni hupewa ardhi apande mahindi na muhogo, lakini mti wa kudumu hapandi, kwa sababu aliyepanda mti haondolewi tena. Nikawaza akiondoka nitabaki na nini, nikauona msitu ule ule. Nikamwambia abaki, apande.

Miche arobaini ya michungwa imeshika katika shamba lako. Enock usimlaumu. Aliuliza mara mbili kama umekubali, na mara zote mbili nilimjibu kwamba umekubali. Mashimo nilichimba pamoja naye. Nimekunyang'anya fungu alilokuachia baba, na nilijua ninachofanya nikiwa na jembe mkononi. Miaka kumi na mmoja nimekutunzia, na kila mwaka unasema utarudi mwakani. Niliacha kukuamini, kaka, na hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka, hata wale asiowajua kwa sura. Ukikasirika usinitumie ujumbe. Njoo ukasirike hapa hapa Mkata, nikuone.

Mdogo wako,
Shamimu