Kidonge cha Chini ya Ulimi

Ekaristia mkwe wangu,

Gari limefika ukiwa bado kisimani. Mumeo Emiliani ananipeleka hospitali nikapimwe. Mahindi ya uani yaanue, mawingu haya siyaamini. Kuku wawekee maji. ~~Chakula changu nitengee chumbani kama kawaida.~~

Kifua kimetulia. Asubuhi kiliponibana, ningekimeza kile kidonge kwa togwa, kama ninavyomeza vyote, kama usingeninyang'anya kikombe. Daktari alisema kiyeyukie chini ya ulimi, kiingie kwenye damu moja kwa moja. Ukikimeza, ini linakipunguza nguvu kabla hakijaufikia moyo. Nami niliitikia tu, nikaenda zangu.

Mikono ilinitetemeka, ukakiweka mwenyewe. Kwetu mkwe hali hata meza moja na baba mkwe, sembuse kumtia kidole mdomoni! Na ukanifokea, "Usimeze!" Miaka yote nilidhani huna sauti.

Kisha nikakuona jikoni unalia kwa aibu. Aibu ya nini? Ungeniheshimu zaidi ya hapo, sasa hivi mngekuwa mnanichimbia kaburi. Asante sana, mwanangu.

Chakula, basi: leo tunakula pamoja mezani. Sahani yako iweke karibu na yangu.

Baba yako