Mbuzi wa Msamaha Amerudi

Baba Naserian wangu,

Mbuzi wako amerudi nyumbani. Nimemfunga kando ya tangi la maji hapa Kitengela, na tayari ametafuna kamba ya kuanikia nguo. Tangu tukuzike sina mwingine wa kumweleza kwa nini mtu mzima analia kwa ajili ya mbuzi.

Unakumbuka jicho langu lilivyovimba? Ulikuwa usingizini, unapigana na fisi wa utoto wako, ngumi ikanipata mimi. Wewe, mtu wa kumwomba kuku radhi kabla ya kumchinja! Asubuhi uliniuliza nimejigonga wapi. Nilimweleza kaka yangu Lemayian ukweli, hakuamini.

"Mwanaume hupiga mtu akiwa macho. Usingizi haina ngumi."

Basi ukashika njia hadi Kajiado na mbuzi jike mweupe, ukawaomba wakwe msamaha kwa kosa usilolikumbuka. Ulisimama uani, kofia mkononi. Walipokea mbuzi, lakini hawakukukaribisha chai. Hilo liliniuma kuliko jicho.

Baadaye mkono wako ukaanza kutetemeka, tukaambiwa ni ugonjwa wa Parkinson, ndio kwanza unaanza. Kule kliniki sista akakuuliza unalala vipi.

"Nalala poa kabisa," ukajibu.

Akanigeukia. "Na wewe, mama? Mtu akilala hajui kile anafanya. Huwa anapiga kelele, anarusha mikono?"

Nikasema yote. Akaeleza kwamba ni ugonjwa uleule: mwili unatenda kile mtu anachoota, na mara nyingi huanza miaka mingi kabla ya kutetemeka. Ndiyo maana wanamuuliza mgonjwa, kisha wanamuuliza anayelala naye. Akashauri tusogeze kabati mbali, nami nipate kitanda changu. Wewe hukuwa unasikia tena. Ulinishika mkono mbele ya sista, na wewe hukuwahi kunishika mkono mbele ya watu.

"Kwa hivyo sikukupiga?"

"Hukunipiga."

Ukalia, mume wangu. Ukasema mvua ikipungua tutaenda kwa Lemayian, asikie kwa masikio yake. Nimonia haikungoja mvua ipungue.

Jana nilienda peke yangu. Nilimweleza kama sista alivyotueleza, neno kwa neno. Aliingia zizini akakaa huko mpaka nikadhani amekasirika, kisha akatoka akimvuta mweupe wako, ambaye sasa amezeeka.

"Hii mbuzi haikuwa yangu," akasema. "Mwambie shemeji..." Akageuza uso.

Nakwambia kwa niaba yake.

Nina vitanda viwili sasa. Nalala bila kuguswa na mtu, na hakuna usiku ninaopumzika. Nimekukumbuka mpaka zile kelele zako.

Lala salama, Baba Naserian. Jina lako ni safi hadi Kajiado. Jana walinikaribisha chai. Nilikunywa vikombe viwili, na kimoja kilikuwa chako.

Mkeo,
Mama Naserian